Aliyevuliwa Jaketi kwa Ugonjwa Atalirudishaje?

Wengi mnanifahamu: mimi ni yule dada wa kujitolea wa afya anayepita nyumba kwa nyumba na daftari la bluu, akiuliza kama watoto walilala ndani ya chandarua na kama choo kina kifuniko. Leo sikuja na habari ya chandarua wala choo. Nimemwomba mhariri anipe nafasi niseme neno juu ya watu waliokatazwa kuendesha pikipiki au gari kwa sababu ya ugonjwa, hasa kifafa, kisha wakaachwa hivyo bila mtu wa kuwaambia ni lini na kwa njia gani wataweza kurudia kazi yao.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwezi Mei 2025, saa mbili usiku, kaka mmoja alipiga hodi kwetu. Mama alimpa kiti, akamwuliza hali ya wazazi wake, kisha akatuacha tuzungumze. Kaka huyo aliendesha boda miaka sita katika steji ya sokoni. Tarehe 9 Machi 2024 alianguka kifafa pale pale stejini mbele ya wenzake. Pikipiki ilikuwa imesimama, Mungu alisaidia. Siku hiyo hiyo mwenyekiti wa steji alimvua jaketi. Yeye mwenyewe aliniambia hakumlaumu. Kesho yake alipelekwa kituo cha afya, akaandikiwa dawa, na tangu hapo anazimeza asubuhi na jioni.

"Dadangu," akaniambia, "mimi sijaanguka tena tangu siku ile. Ni miezi kumi na minne. Ninyi wa afya ndio mliosema nimeze dawa, nimemeza. Sasa naomba jaketi langu."

Alikuwa amekwisha kwenda kwa mwenyekiti wa steji. Mwenyekiti akamwambia alete karatasi ya daktari inayosema amepona. Akaenda kituoni, akapanga mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi. Aliyempokea akamjibu kwamba wao wanatibu watu, hawatoi karatasi za pikipiki, na tena kifafa si malaria, wataandikaje kwamba amepona? Akaenda kwa kiongozi wa kijiji. Kiongozi akamwambia mambo ya boda yanamalizwa na watu wa boda, akamrudisha stejini. Huo ndio mzunguko wake. Pikipiki imefunikwa turubai nyuma ya nyumba na kuku wanatagia juu ya kiti. Mke anauza ndizi. Yeye anaziba pancha chini ya mti, mkabala na steji ile ile, anawahudumia watu aliokuwa akigombania nao abiria.

Alipokuwa akiaga ndipo akanitolea lililomleta. Katika zoni nyingine kuna steji ambako hakuna anayemjua. Jaketi la kule linalipiwa, na fedha anaweza kukopa. Wiki inayofuata alitaka kuhamia huko, asiseme neno lolote juu ya kifafa.

Niliogopa. Nitawaeleza kwa nini, ingawa si jambo la kujisifia.

Mwaka 2022 nilikuwa nimemaliza S4 na nimepata mafunzo ya wiki moja tu ya kazi hii. Katika mzunguko wangu kulikuwa na baba mmoja mwendesha boda. Siku moja mke wake aliniambia mbele yake kwamba usiku baba anatikisika, anauma ulimi, na asubuhi hakumbuki kitu. Baba yule akaniambia, "Mwanangu, usiandike hilo. Ukiandika umeninyang'anya chakula cha watoto." Nami sikuandika. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilimwogopa pia kwa sababu ni mtu mzima. Sikumwambia hata aende kituoni kimya kimya. Niliandika "hakuna mgonjwa" nikaenda nyumba ya pili.

Baada ya majuma machache alianguka akiwa barabarani, ile barabara inayoteremka kuelekea bombani. Nyuma yake alikuwa amepakia mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Mtoto hakuumia. Mama alivunjika mguu juu ya goti, akakaa hospitali Mbarara miezi miwili, na hadi leo anatembea akichechemea. Ninakutana naye kwenye maji karibu kila siku, ananisalimu vizuri. Hajui kwamba daftari langu lilikuwa na ukurasa ambao ulipaswa kumkinga. Sasa atajua, maana nilimsomea makala hii kabla ya kuileta kwa mhariri.

Kwa hiyo msinihesabu miongoni mwa wale wanaosema kila mtu apewe jaketi lake kwa sababu maisha ni magumu. Maisha ya huyo mama nayo ni magumu. Ninachosema ni kingine: yule baba alinificha, nami nikakubali kuficha, kwa sababu sote wawili tulijua kwamba kambini jaketi likitoka halirudi. Tungejua kuna njia ya kulirudisha, ningekuwa na neno la kumwambia. Ningesema, "Baba, acha kuendesha sasa, anza dawa, na tarehe fulani tutaenda wote kuuliza." Neno hilo sikuwa nalo. Hata leo sina.

Nieleze kidogo kwa nini nasema jaketi na si leseni. Hapa Uganda leseni ya serikali, ambayo wengi tunaiita pamiti, ina madaraja, na daraja la pikipiki ni A. Wapo wenzetu walio nayo na wapo wengi wasio nayo, na wasio nayo waitafute, hilo ni somo la siku nyingine. Lakini ndani ya kambi kinachokuruhusu kupakia abiria asubuhi ni lile jaketi lenye namba. Bila jaketi, wenzako watakufukuza hata kama pamiti iko mfukoni. Na kwa madereva wa magari ya mashirika mambo ni yale yale. Namfahamu mzee mmoja dereva mwenye ugonjwa wa sukari, anayejidunga insulini. Siku moja sukari ilishuka akiwa kwenye usukani, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, aliyekaa kando akavuta breki ya mkono. Walimtoa kwenye gari, na ilikuwa haki. Wakamweka getini. Sasa ni mwaka wa pili yuko getini, sukari yake imetulia, anapima kila asubuhi, pamiti yake haijafutwa na serikali, lakini hakuna barua inayomwambia aketi getini hadi lini. Aliniambia kuuliza anaogopa, wasije wakamwondoa hata getini.

Linganisheni na mtu wa mtoto wa jicho. Kuna mzee wa boda aliyekuwa haoni vizuri jioni, akajigonga kwenye mkokoteni wa maji, wakamvua jaketi. Akapelekwa hospitali ya macho ya Ruharo, Mbarara, akapasuliwa, ukungu ukaondoka, akarudi, wakampima kwa kumsomesha maandishi ya gunia la mahindi kutoka mbali, wote wakacheka, akavaa jaketi. Hakuna aliyesema ana pepo. Jicho likitengenezwa watu wanaona kwa macho yao kwamba limetengenezwa. Kifafa hakina ukungu wa kuondoa. Mtu wa kifafa aliyetulia anafanana na yule ambaye ataanguka kesho, na hapo ndipo penye ugumu wote.

Sasa tuseme kifafa ni nini, maana naona hata wanaotoa uamuzi hawajaelezwa. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo mdogo. Kwa mtu wa kifafa, mara nyingine umeme huo unawaka mahali pengi kwa pamoja bila mpango. Mwingine anaanguka na kutikisika, mwingine anaganda tu dakika moja akitazama mbele kama aliyesahau neno, haoni wala hasikii. Huyo wa pili ni wa hatari sana barabarani, kwa sababu hata wenzake hawatambui kwamba anaumwa. Chanzo chaweza kuwa kuumia kichwa, malaria iliyopanda kichwani utotoni, shida wakati wa kuzaliwa, kiharusi, au minyoo ya nguruwe iliyoingia kwenye ubongo. Kwa wengi chanzo hakijulikani. Hakiambukizi. Mate ya mgonjwa hayana kifafa ndani yake. Na ukimkuta ameanguka usimtie kijiko mdomoni. Mlaze ubavu, ondoa mawe karibu na kichwa chake, subiri, na ikizidi dakika tano mkimbize kituoni. Hayo nimeyasema nyumba kwa nyumba, lakini vijiko bado naviona.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kupewa dawa inavyotakiwa. Asilimia 70! Maana yake katika watu kumi wa kifafa, saba wangeweza kuishi hivyo. Dawa zenyewe si za ajabu. Fenobabitali ni dawa ya zamani sana na ni ya bei ndogo. Kabamazepini ipo. Ni kweli fenobabitali humletea mtu usingizi, hasa miezi ya kwanza, na hilo dereva lazima amwambie daktari mapema, maana kusinzia juu ya pikipiki hakuna tofauti kubwa na kuanguka.

Yule aliyemjibu kaka yetu kituoni kwamba haiwezekani kuandika "amepona" alisema ukweli. Tatizo ni kwamba swali lenyewe lilikosewa. Swali la barabarani si "umepona?" Swali ni "umekaa muda gani bila kuanguka, na unatumia dawa?" Ukikaa mwezi mmoja bila kuanguka, hatujui kitu bado. Ukikaa mwaka mzima, umepita majira yote, umepita malaria moja au mbili, umepita msiba wa kukesha usiku, na hukuanguka, basi uwezekano wa kuanguka kesho umepungua sana. Haujaisha. Lakini hata mtu asiyekuwa na kifafa uwezekano wake si sifuri.

Nchi nyingine zimekwisha kuandika jambo hili kwenye sheria. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana mwaka 2009: mtu wa kifafa anaweza kuendesha gari dogo au pikipiki akimaliza mwaka mmoja bila kuanguka. Kwa lori na basi ni miaka 10, tena bila kutumia dawa ya kifafa. Uingereza nako ni mwaka mmoja kwa gari dogo na miaka 10 kwa lori na basi. Marekani kila jimbo lina kanuni yake, na mengi yanadai muda wa kati ya miezi mitatu na mwaka mmoja. Ndugu zetu waliopata safari ya kwenda kuishi huko wanakutana na kanuni hizo. Mmoja ambaye tuliimba naye kwaya alinipigia simu akiwa na hasira kwamba amekatazwa kuendesha gari kwenda kazini miezi sita. Nikamwuliza, baada ya miezi sita je? Akasema, "Baada ya miezi sita daktari anajaza fomu." Nikamwambia, kaka, una bahati, una tarehe.

Angalieni kwamba hata kule hawakubaliani kuhusu nani aripoti. Katika majimbo machache ya Marekani, California ni mojawapo, daktari analazimika kutoa taarifa kwa serikali juu ya mgonjwa anayepoteza fahamu. Katika majimbo mengi mgonjwa mwenyewe ndiye anayetakiwa kusema. Wanaopinga kulazimisha madaktari wanasema mgonjwa atamficha daktari, hatapata dawa, na ataendelea kuendesha. Mimi nilikuwa naona hoja hiyo ni ya watu wanaotetea wenye magari yao. Nilipomkumbuka yule baba wa 2022 nikaielewa.

Hapa kwetu pikipiki ya abiria si gari dogo la mtu binafsi, na wala si basi. Hilo limenisumbua. Mwenye gari Ulaya akianguka kifafa anaumia yeye na labda wa mbele yake. Boda anapakia mama na mtoto na gunia, bila kofia, kwenye mteremko. Wengine watasema basi tuwape miaka 10 kama lori. Mimi nasema miaka 10 kambini ni sawa na kusema hapana milele, na hapana ya milele inazaa watu wa kuhamia zoni nyingine. Ningependekeza mwaka mmoja kamili bila kuanguka, akiwa kwenye dawa, ndipo aanze kwa mizigo tu, maji, mahindi, mkaa, kwa miezi sita. Baada ya hapo abiria. Daktari akisema muda uwe mrefu zaidi, sitabishana naye. Nitabishana na asiyetaja muda wowote.

Na ruhusa hiyo iandikwe wapi? Kituo cha afya kisiandike "amepona." Kiandike mambo ambayo kinayajua kutoka kwenye faili: tarehe ya kuanguka mara ya mwisho kama ilivyoripotiwa, dawa anayopewa na tangu lini, kama anahudhuria tarehe zake zote, na kama dawa inamlewesha. Mwisho daktari aseme kwa maoni yake mtu huyu anafaa au hafai kuendesha kwa sasa, na tarehe ya kuangaliwa tena. Karatasi inayokwenda stejini iwe na neno moja tu, anafaa au hafai, na tarehe. Ugonjwa wake haumhusu mwenyekiti wa steji. Nimesikia pendekezo la kuwapa watu wa kifafa jaketi la rangi nyingine ili abiria wajue. Aliyelitoa ana nia njema, lakini rangi hiyo itakaa juu ya watoto wake shuleni kuliko itakavyokaa juu yake.

Kwa wenye pamiti ya serikali jambo ni tofauti kidogo. Sisi wa kujitolea, wala steji, wala shirika, hatuna mamlaka ya kuifuta au kuirudisha. Ikifutwa, ni ofisi ya serikali ya leseni itakayoirudisha, nayo itataka taarifa ya daktari. Ikiwa umeondolewa kwenye usukani na mwajiri tu, pamiti yako bado ipo, basi omba barua. Uliza kwa heshima mambo matatu: umeondolewa kwa sababu gani, kinatakiwa nini ili urudi, na suala lako litaangaliwa tena tarehe ipi. Yule mzee wa getini nimemwambia hivyo. Amesema atafikiri.

Naona nisipozungumza habari ya dawa kukosekana nitakuwa nimewabebesha wagonjwa mzigo wote. Kijana mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa amefikisha miezi tisa bila kuanguka. Akaenda kuchukua dawa, akaambiwa hazipo, arudi baada ya wiki mbili. Akarudi, akaambiwa wiki nyingine. Siku ya kumi na tisa alianguka jikoni, akaungua mkono. Sasa hesabu yake imeanza upya kutoka moja. Kwa kanuni ni sawa, ubongo hauulizi kosa ni la nani. Lakini naomba wakubwa wa shirika wanaosoma jarida hili wafahamu kwamba dawa ya kifafa ikikatika ghafla ni mbaya kuliko ile ya kichwa au ya tumbo. Mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kuamka, na kufa. Ikiwa sanduku moja tu litaingia mwezi huo, wa kifafa wagawiwe kidogo kidogo wote, na sisi wa kujitolea tuambiwe mapema ili tupite kuwaonya wasipande kitu chenye magurudumu. Kuambiwa tu. Haigharimu fedha.

Na wewe ndugu uliyevuliwa jaketi au uliyewekwa kando, sikia. Andika tarehe uliyoanguka mara ya mwisho, hata nyuma ya kadi ya matibabu, na mwombe mtu mnayelala nyumba moja akuhakikishie, maana wewe mwenyewe unaweza kuanguka usingizini usijue. Usiruke dozi kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ya dozi. Pombe ya kienyeji na kukesha ni vitu viwili vinavyoita kifafa haraka, na najua dereva wa boda anapenda abiria wa usiku. Mwambie anayekutibu kila dawa nyingine unayomeza, hata ya mitishamba. Siku daktari atakapotaka kupunguza dawa baada ya miaka, acha kuendesha tena wakati huo wa kupunguza na miezi inayofuata, maana ndipo hatari inaporudi. Najua unachukia kusikia hilo.

Nakuja kwa yule mama. Nilipomsomea makala, nilisoma haraka pale paliponihusu. Alinisimamisha, akasema rudia. Nikarudia. Alinyamaza muda mrefu, akipanga madumu yake. Kisha akasema, "Binti yangu, kumbe ulijua." Nikasema ndiyo, mama. Sikupata la kuongeza. Baadaye nilimwuliza kama mtu wa kifafa aliyekaa mwaka bila kuanguka akija na boda, atapanda? Akaniambia, "Nitapanda, nitaogopa, lakini nitapanda. Mimi sikatai aendeshe. Nataka nijue aliyemruhusu ni nani, nikivunjika mguu wa pili nijue nimwulize nani." Maneno yake nimeyaweka kama alivyosema, kwa ruhusa yake.

Wapo wasomaji watakaosema dada huyu anataka kuwapa kazi nyingine madaktari ambao tayari wanaona wagonjwa wengi kupita kiasi kwa siku. Ni kweli, itaongeza kazi. Lakini hesabuni. Katika steji nne ninazozifahamu, waliovuliwa jaketi kwa ugonjwa hawazidi vidole vya mkono mmoja. Karatasi tano kwa mwaka. Wale ambao hawajavuliwa kwa kuwa wanaficha, hao siwezi kuwahesabu, na ndio walionifanya niandike.

Wengine watasema mkimbizi ana shida kubwa kuliko pikipiki. Mtu anayesema hivyo hajawahi kurudi nyumbani jioni mkono mtupu, watoto wakamtazama.

Kaka wa sokoni hakuhamia zoni nyingine, angalau hadi ninapoandika. Nilimwomba anipe mwezi mmoja. Nimezungumza na muuguzi mmoja kituoni, naye amekubali kutoa nakala ya tarehe alizochukua dawa kutoka kwenye rejista. Zimetimia zote isipokuwa moja aliyochelewa siku tatu kwa ajili ya mazishi. Daktari anayepita kituoni Alhamisi amesema atamwona na ataandika anachokiona, ila hataki neno "kupona" liwekwe mdomoni mwake. Mwenyekiti wa steji amekubali kulileta jambo hili mbele ya wanachama Jumamosi ijayo, baada ya mgao, ingawa amenionya kwamba wawili kati yao wamekwisha kusema hawatapaki karibu naye. Yule mama wa mguu nimemwalika, naye amesema atakuja kama nitamtafutia usafiri, kwa sababu mteremko ule hawezi kuupanda kwa miguu. Nimemwambia kaka aje na kadi yake, na asije amevaa jaketi la kuazima.